Laptopu ya milioni tatu itakufaje?

Shemeji yangu kanipigia juzi usiku, binti yake kapangiwa UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, sasa dogo kapita kwenye duka moja hapa mjini kaona laptopu ya chuma tupu, nyembamba kama daftari, milioni tatu na laki mbili, na muuzaji kamfungulia mfuniko kwa kidole kimoja ukanyanyuka wenyewe taratibu, basi dogo akaishiwa nguvu palepale. Shem ananiuliza, "We si ndo mtu wa kompyuta, hii kitu ni imara kweli au tunapigwa?"

Mi sio mtu wa kompyuta. Mi naandika ripoti za miradi ya kilimo, nashinda kwenye Excel na barabarani, leo Kongwa kesho Mpwapwa. Ila ukoo wetu ukishakuona na begi la laptopu basi wewe ndo fundi wa printa, wa simu na wa king'amuzi.

Hii ya kidole kimoja ngoja niimalize mapema maana imeponza wengi, na mi nimo. Mfuniko kufunguka kwa kidole kimoja maana yake hinji, yaani zile bawaba za kioo, zimelegezwa kiasi na sehemu ya chini ina uzito wa kutosha kutonyanyuka, basi. Wapo watengenezaji wanaojua kuipima hiyo hinji ikawa laini kufungua na bado kioo kikatulia, na wapo wanaokulegezea tu ili uishiwe nguvu dukani. Yangu ilikuwa ya hao wa pili. Nilipanda nayo treni ya umeme kwenda Dar, ile SGR imetulia kabisa, chai haimwagiki, lakini kioo changu kilikuwa kinanesa mbele nyuma kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani, mpaka dada niliyekaa nae akaniuliza kaka hiyo haijakatika kweli.

Haikuwa imekatika bado. Ilikatika baadae, Kibaigwa, pale sokoni kwenye mahindi.

Kampuni siitaji, haina maana, hata kampuni zingine zina modeli za hivyo. Niliinunua 2021, milioni mbili na laki sita, mpya ndani ya boksi, mfuniko wa aluminiamu, tumbo la aluminiamu, ukiigonga na kucha inalia kama sinia. Miaka miwili ya kwanza safi. Alafu ikaanza mlio, nikifungua inasema kwaa, nikifunga kwaa, na pale pembeni chini ya kioo fremu ikaanza kuachia kaupenyo ka kupitisha karatasi. Nikapuuza si unajua tena, kazi zinaenda. Siku hiyo niko juu ya gunia naingiza bei za mahindi, upepo umebeba vumbi la kutosha, nikafungua kwa haraka nikishika kona ya kulia, nikasikia taa! na kona yote ikabinuka, nyaya zinachungulia.

Fundi wangu yuko Majengo, kijana mmoja hana maneno mengi. Akafungua tumbo, akanisogezea taa ya simu, akasema "Kaka angalia mwenyewe." Vinati vitatu vya shaba vya kushikilia hinji vimelala humo ndani, kila kimoja kimeng'oka na kipande chake cha plastiki, kama meno yaliyotoka na fizi. Ndo nikaelewa. Ile aluminiamu niliyolipia ilikuwa shati. Hinji yenyewe, yaani sehemu inayobeba nguvu kila siku ya Mungu, ilifungwa kwenye plastiki ya ile fremu inayoshika kibodi, skrubu fupi kama punje ya mtama. Hinji ikikauka grisi na kukaza, nguvu yote unayotumia kufungua inaenda kwenye hiyo plastiki, na ukifungua kwa kushika kona badala ya katikati ndo unaimaliza kabisa.

Akatengeneza. Ile gundi ya tyubu mbili, akatoboa, akapitisha boliti mbili mpaka nje. Saivi laptopu yangu ya milioni mbili na laki sita ina vichwa viwili vya boliti mgongoni kama geti la mtu wa Nkuhungu. Inafanya kazi lakini.

Kuanzia hapo nikaacha kuuliza kama laptopu ni imara. Swali langu siku hizi ni moja, hii itakufaje, na ikifa huo ugonjwa unatibika hapa Dodoma au mpaka Kariakoo au hautibiki kabisa? Maana zote zinakufa, ya laki sita na ya milioni tano, tofauti ni kifo gani.

Chukua vumbi. Hapa kwetu vumbi sio jambo la msimu, ni jirani, hasa miezi ile ya upepo mkavu kuanzia Juni kwenda mbele mpaka mvua zirudi Desemba. Laptopu yenye feni inavuta hewa kutoka chini na kuitoa pembeni, na hewa ya Dodoma inakuja na vilivyomo. Fundi alinionyesha ya mteja mmoja, kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupoozea kulikuwa na tabaka la vumbi limeshikana mpaka unaliinua kwa kibano zima zima kama kipande cha blanketi. Mteja alikuwa analalamika mashine nzito eti ina virusi. Virusi gani, prosesa ilikuwa inapunguza spidi yenyewe isiungue. Akasafisha na brashi ya rangi na blowa, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, ikapona. Hicho ni kifo kinachotibika, bei yake ya kawaida tu.

Sasa hapo ndo kuna jambo linalonigawa. MacBook Air za Apple, kuanzia ile yenye chipu ya M1 iliyotoka mwisho wa 2020, hazina feni kabisa. Hakuna tundu linalovuta hewa, hakuna blanketi. Kwa mji kama huu hiyo ni sifa kubwa kuliko nusu ya vitu wanavyosifia mawinga, yaani madalali wa dukani, na sijawahi kusikia winga hata mmoja anaitaja, wao ni rangi na wembamba tu. Lakini kampuni hiyohiyo ndo iliyowahi kuuza kibodi ambayo vumbi lilikuwa linaimaliza. Kuanzia 2015 waliweka vitufe vifupi mno vya kipepeo ili mashine iwe nyembamba zaidi, punje moja ya mchanga ikiingia chini herufi inagoma au inajiandika mara mbili, 2018 ikabidi wafungue mpango wa kutengeneza bure, mwishoni mwa 2019 wakaanza kuiacha, na 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani. Hizo mashine bado zinauzwa mtumba, ukikuta MacBook ya 2016 mpaka 2019 bei imelegea kwenye grupu la watsapu ujue kwanini imelegea. Na kibodi yake imefungwa kwa ribiti kwenye bodi ya juu, ribiti sio skrubu, kwa hiyo mafundi wengi wanabadilisha kipande chote cha juu. Piga hesabu mwenyewe.

Na hiyo M1 nayo ina kifo chake. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imo humohumo na chipu, SSD inayotunza mafaili imechomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, siku mazabodi ikiondoka imeondoka na mafaili yako, na ukinunua ya GB 8 utazeeka na GB 8. Kwa mtu anayeweka bakapu hiyo sio shida sana. Kwa mwanafunzi ambae tasnifu yake ipo sehemu moja tu, deskitopu, jina "final final 3", ni shida kubwa.

Kingine kuhusu hizi bodi za chuma, watu wengi wanarudisha dukani wanasema laptopu ina shoti. Unachaji, ukipitisha mkono juu ya chuma unahisi kamtetemo ka kuwasha. Mara nyingi mashine haina ugonjwa, ni chaja imechomekwa bila ethi, ama umetumia pini mbili, ama ile ekstensheni ya buku tano waya wa ethi haujaunganishwa ndani. Plastiki ingekuficha, chuma inakwambia. Tumia waya wenye pini tatu na soketi yenye ethi ya kweli, mara nyingi inaisha.

Alafu zile stika za kijeshi, MIL-STD-810, ambazo muuzaji anakutajia kama vile laptopu imetoka vitani. Hicho ni kitabu cha vipimo cha jeshi la Marekani, ndani yake kuna kipimo cha joto, mtikisiko, vumbi, unyevu na vingine kibao, na kampuni inachagua vipi inapima na inapima yenyewe au inalipa maabara. Jeshi halitoi cheti kwa laptopu ya dukani. Ukiona imeandikwa, uliza wamepima nini. Hakuna atakaekujibu lakini uliza tu.

Turudi kwa dogo. Shem anadhani mi nasema anunue ya bei ndogo. Sisemi hivo. Nasema milioni tatu na laki mbili ni hela nyingi kulipia shati. Zile laptopu za maofisini zinazokuja refabu, yaani zimetumika zikakarabatiwa, kutoka Ulaya, ThinkPad za T za Lenovo, EliteBook za HP, Latitude za Dell, zilikuwa za bei mbaya zikiwa mpya na hela ilikwenda sehemu ambazo huzioni. Mfano ThinkPad T480 ya 2018, kwa macho ni mbaya, nyeusi, nene, dogo ataiona kama ya babu. Lakini RAM ina nafasi mbili unabadilisha, betri ziko mbili, moja ya nyuma unaichomoa ukiwa unafanya kazi na haizimi, kibodi ikichoka inatoka kwa skrubu. Kifo chake pia kinajulikana, inachaji kwa USB-C tu na tundu lenyewe limechomelewa kwenye mazabodi, kwa hiyo ukiwa dukani chomeka chaja utingishe kidogo uone kama inakatakata. Na mwanga wa kioo chake ni hafifu, nyingi zina niti 250 (niti ndo kipimo cha huo mwanga), ukikaa nje Chamwino saa saba mchana unajiona sura tu, ambapo ile MacBook Air ya M1 ina niti 400. Hapo sibishi, nimeshaandika dodoso nimejifunika khanga kichwani kama napiga nyungu.

Ila usishuke chini ya kizazi cha nane cha prosesa za Intel, hata kama winga atakupunguzia laki. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za kizazi cha sita na cha saba. Hizo ndo zimejaa saivi na bei zimeporomoka, sio bahati yako hiyo, Ulaya wanazitupa. Angalia pia isiwe na paswedi ya BIOS, ile programu inayowasha mashine kabla ya Windows, au bado imefungwa na kampuni iliyoitoa, ukishaondoka nayo hiyo ni kesi nyingine.

Betri usiamini maneno "inakaa masaa manne". Fungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa, humo kuna namba ya betri ilivyotoka kiwandani na namba ya inachobeba leo. Moja niliyoipima mwezi uliopita ilitoka na 50,000 ikabaki na 31,000, na muuzaji alikuwa ameshaniapia kwa mama yake mzazi.

Nimeongea na dogo mwenyewe jana. "Anko, kwahiyo ile ya chuma ndo basi?" Nikamwambia sio basi, tutaiangalia, tutashika kona mbili tuipinde kidogo, tutabonyeza katikati ya kibodi tuone inabonyea, na tutaomba watufungulie tumbo tuone hinji imekaa kwenye chuma au kwenye plastiki. Wakikataa tunahamia duka la pili. Jumamosi saa nne tunakutana Jamatini, nimemwambia shem aje na bisibisi yake ndogo ya nyota maana yangu fundi hajairudisha, na toka jana ananiuliza kwenye watsapu bisibisi ya nini dukani.