Jua la Bagamoyo Halizami Baharini

Nani aliyewaambia watu kwamba saa saba mchana ndiyo saa ya kupiga picha za harusi? Namtafuta. Nikimpata nitamsimamisha ufukweni hapa Bagamoyo, na suti yake, bila kivuli, nimwambie, "Cheka kidogo, mkubwa."

Maana ndiyo kazi yangu hiyo. Ndoa imefungwa baada ya Adhuhuri, watu wameshiba pilau, msafara wa magari na bajaji unateremka pwani honi zinalia, na mie niko mchangani na kamera nawangoja. Jua liko utosini. Kanzu ya bwana harusi inawaka kama bati jipya. Bi harusi chini ya nyusi hana macho, ana mashimo mawili. Ukiipangia kamera mwanga wa kuufuata uso, kanzu inaungua kwa weupe. Ukiifuata kanzu, uso unabaki usiku. Ndiyo sababu mpiga picha wa nje anahitaji flashi mchana kweupe, na nikilieleza hilo barazani watu hunitazama kama ninayetembea juani na kandili.

Flashi ninayo. Ndogo, ya kukaa juu ya kamera, inakula betri nne za rimoti. Usiku ukumbini haina neno. Saa saba mchana ni sawa na kumimina kata ya maji matamu baharini. Tena ikipiga mara moja inaomba kupumzika. Harusi ya mwisho nilipiga, nikasikia ile sauti yake ya mbu, niiiiii, bi harusi ametabasamu, sote tunangoja ijae. Sekunde tano. Sita. "Kaka, bado?" akauliza bila kuachanisha meno. Saba. Taa nyekundu ikawaka, na yeye keshachoka, kanuna. Ninazo picha mia na kidogo za bi harusi aliyenuna, gauni safi kabisa.

Nikapanda basi hadi Kariakoo. Kijana wa duka akanishikisha boksi. "Mkubwa, hii namba sitini. Inapiga mita sitini hii." Mita sitini! Basi nikae barazani kwangu niwapigie maharusi kwao. Ile namba haisemi hivyo hata kidogo. Unaigawa kwa umbali, unapata namba ya tundu la lenzi, ile f: mtu akiwa mita 5, 60 kwa 5 ni 12, basi unaweka f/11, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikiwa 100, hapo ndipo mwisho wa ubavu wake. Na hata hiyo 60 wameipima mwanga ukiwa umebanwa mwembamba kama tochi ya mlinzi. Weka mwavuli wa kulainisha mwanga mbele yake uone kinachobaki.

Cha kutazama ni nguvu yenyewe, inayohesabiwa kwa wati-sekunde. Vile vidogo vya juu ya kamera viko kwenye 60, 70 na kitu. Kuna flashi kubwa za kampuni ya Godox: AD200Pro imebeba nguvu yake kwenye jina, 200, na AD600Pro vilevile. Zote zina betri ya lithiamu ya kuchomoa na kuchomeka, hakuna waya wala jenereta. Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Wapiga picha wenzangu, ambao hakuna hata mmoja mwenye 600, wote wakaniambia nichukue 600.

Sasa sikia hesabu, kwa sababu mimi ilinichukua usiku mzima na kikombe cha kahawa. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka 200 hadi 400, unapata stopu moja tu, yaani hatua moja ya mwanga kwenye kamera. Moja! Hiyo 600 inakupa moja na nusu na ushei. Lakini ukiitoa taa mita mbili ukaisogeza hadi mita moja, mwanga unakuwa mara nne, stopu mbili, na hujalipa hata shilingi. Umesogea tu. Nilipolielewa hilo nikamwamsha mama watoto nimwambie. Sikupaswa kumwamsha.

"Kwa hiyo unanunua taa," akasema.

"Ndiyo."

"Bei ya friji."

"Karibu."

"Inawaka muda gani?"

Hapa ningesema uongo ningepona. Nikajitia utaalamu: ile 200 kwa chaji moja inapiga mara 500 kwa nguvu zote, na kila mpigo ni kama sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Mama watoto ni mwepesi wa hesabu, anauza mihogo. Akanyamaza kidogo kitandani. "Sekunde mbili na nusu," akasema. "Unanunua taa bei ya friji, iwake sekunde mbili na nusu." Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo umeme ukikatika nyumbani huniambia, "Washa taa yako tule, lakini tumeze upesi."

Wa pili kushauriwa alikuwa mpwa wangu, maana ndiye stendi yangu. Stendi ya chuma ninayo pia, ila upepo wa kusi hauheshimu vyuma. Mwaka jana ulinichukulia mwavuli mweupe, ukapaa juu ya soko la samaki ukaelekea Saadani, na huko nadhani uliingia mbugani bila kulipa kiingilio. Sasa naweka kiroba cha mchanga mguuni mwa stendi na mpwa juu yake. Nikampa habari ya AD600Pro: kilo tatu na betri yake, inashikwa juu ya kichwa, mikono imenyooka, saa nzima.

"Mjomba," akasema, "misafara ya wapagazi kutoka Ujiji ilikwisha zamani. Wakifika hapa angalau walibwaga."

Nikachukua 200. Ina uzito wa kama kilo moja, inajaa chini ya sekunde mbili, bi harusi hapati nafasi ya kununa. Lakini msidhani jua la saa saba lilisalimu amri. Mchana ISO 100 na shata, lile pazia la kamera, likifunguka 1/250 ya sekunde, zinataka f/11, na kamera yangu ukiizidisha hiyo 1/250 flashi inaacha utepe mweusi nusu ya picha, kama mtu kajitanda kanga. Ipo njia ya kuzidisha, ile wanayoiita hai-spidi, flashi inapiga vipigo vidogo vidogo mfululizo, ila nguvu inaliwa stopu mbili au zaidi. Dawa ni ileile: sogeza taa. Mpwa anasogea, anasogea, mpaka kiwiko chake kimeingia kwenye picha. Nina albamu nzima ya maharusi na kiwiko. Watu wa familia huniuliza ni cha nani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe lililonitoa roho. Mwezi uliopita akaja bwana harusi wa kutoka Dar, miwani kichwani, simu mkononi. Ndoa baada ya Alasiri, nikafurahi, nikajua leo jua limepoa. Akanionyesha picha: watu wawili, bahari, nyuma yao jua jekundu linazama majini. "Kaka, nataka hii."

Nikamwambia kwa adabu, "Bwana harusi, hii haipo Bagamoyo."

"Kwa nini? Bahari si ile pale?"

"Bahari iko mashariki. Jua letu linachomoza upande wa Unguja na linazama Msata huko, nyuma ya mabasi. Kwa bahari ungekuja alfajiri."

Akanitazama, akaitazama AD200Pro mkononi mwa mpwa wangu. "Si una taa?"

Jamani. Mimi nikachokozeka. Nikatoa nailoni ngumu ya rangi ya chungwa, ile ya kubandika mbele ya flashi, nikaibandika. Nikamwambia mpwa avue viatu. Taa nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, maana ndani yake umelala umeme wa kumrusha mtu, na chumvi na betri hazijawahi kuwa ndugu. Mpwa akaingia majini hadi magotini, akachuchumaa nyuma ya bi harusi, shela likamfunika. Ile flashi yangu ndogo ya betri za rimoti nikaiweka mbele, ipige nyuso taratibu, zote mbili zinaitikia redio moja juu ya kamera. Mbingu ikaingia buluu nzito. Gizani 200 ni nyingi mno. Nikaishusha hadi robo, ikawa bado kali, nikaishusha tena. Hebu fikiria: nimeinunua kupigana na jua la saa saba, na siku inayofanya kazi vizuri ni siku ambayo jua limekwenda zake.

Magharibi inaadhiniwa, maji yanajaa, somo wa bi harusi amekuja mbio na kanga mkononi. "We mwanangu, huyo kijana anafanya nini chini ya shela?"

"Ni jua, somo."

"Jua gani lina miguu?"

Picha ya kumi na moja ikatoka. Wallahi ikatoka. Maji ya dhahabu, shela linawaka pembeni kama moto wa makuti, wawili wale wametulia, na nyuma yao mng'ao mwekundu juu ya bahari, huoni kiwiko wala mpwa. Bwana harusi akanikumbatia. Akaituma kwa ukoo mzima usiku uleule.

Ikamfikia babu yake bi harusi. Mzee huyu amevua samaki pwani hii tangu hajaota ndevu, na hajapata kuona jua likikaa upande ule ila likiwa linatoka. Akaishika simu, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu. Akawaita wanawe.

"Ndoa ilifungwa saa ngapi?"

"Baada ya Alasiri, baba."

"Na hii ni alfajiri." Akawaonyesha kwa kidole. "Jua hilo linatoka Unguja. Mjukuu wangu alfajiri ya siku ya ndoa alikuwa pwani na mwanamume, shela kashavaa. Nani aliyewapiga picha?"

Nimeitwa kesho barazani kwake baada ya Isha. Nimeambiwa nije na taa, na karatasi yake ya chungwa, na mpwa. Mpwa anasema suruali yenyewe bado hajaifua, ina chumvi hadi magotini, atakuja nayo kama shahidi.