Mtu wa Matangazo Haitwi Semina

Mwandishi wa habari wa mkoani nchini Tanzania ana mahali pa kujinoa. Mfuko wa Wanahabari, TMF, ulioanza mwaka 2008, umewapa waandishi ruzuku na wahariri walezi ili wafike vijijini na kukaa huko, badala ya kuandika kwa simu. Baraza la Habari limefundisha maadili, na tangu mwaka 2009 limekuwa mstari wa mbele katika tuzo za umahiri, EJAT. Klabu za waandishi zilizo chini ya muungano wao, UTPC, huita semina za uchaguzi, za afya, za usalama kazini. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zikaongeza sharti la stashahada, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ndiyo inayosimamia vitambulisho.

Kuna mtu mmoja ambaye haitwi kwenye hayo yote. Ni yule anayeuza ukurasa. Mtu wa matangazo katika gazeti dogo hupewa orodha ya bei, lengo la mwezi na nauli, kisha huambiwa aende. Hakuna anayemfundisha namna ya kukokotoa gharama ya safu kwa sentimita, kuandika pendekezo kwa mwenye duka la pembejeo, kufuatilia ankara iliyolala miezi minane, wala kujua ni ahadi gani hana mamlaka ya kuitoa. Kila linapotolewa wazo kwamba fedha za mafunzo zimfikie na yeye, wanataaluma wengi hushtuka. Husema kuwa fedha hizo ni za kulinda maslahi ya umma, na biashara ijitegemee. Husema pia kwamba ukimweka mwandishi na muuza matangazo darasa moja, umeanza kubomoa ukuta unaotenganisha habari na pesa.

Hoja hizo si za kupuuza, na nitazirudia. Lakini kwanza nieleze kinachotokea pale ambapo mtu wa matangazo hayupo, au yupo na hajui kazi yake.

Chukua mwandishi wa kujitegemea wilayani, asiye na mkataba, anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa. Asubuhi anakwenda kumuuliza mkurugenzi mtendaji wa halmashauri kwa nini soko jipya halina wafanyabiashara ilhali wachuuzi bado wapo barabarani. Anapata majibu nusu, anaahidiwa mengine kesho. Mchana anarudi ofisi ileile akiwa na bahasha yenye orodha ya bei. Mwenge wa Uhuru unapita mwezi ujao, gazeti linaandaa toleo maalumu, na nusu ukurasa wa mafanikio ya halmashauri ukiwa na picha ya mkurugenzi unaweza kupatikana kwa punguzo. Tangazo likitoka, mwandishi anapata kamisheni, na kamisheni hiyo moja huweza kuzidi malipo ya habari zake zote za mwezi.

Habari ya soko itaandikwa? Mara nyingi huandikwa. Ila vizimba vitupu vinakuwa "changamoto", na changamoto "zinafanyiwa kazi". Hakuna aliyetoa rushwa hapo. Hakuna aliyempigia mhariri simu wala aliyefungia gazeti. Mwandishi huyohuyo huenda alikaa siku tatu hotelini akifundishwa uandishi wa habari za uchunguzi, na vyeti vyake vimejaa kwenye faili. Anajua kabisa swali la pili lilipaswa kuwa lipi. Hakuliuliza kwa sababu mchana alikuwa anarudi palepale.

Hili ndilo linaloniuma kuliko jambo lolote katika mjadala huu, na ndiyo maana sikubali kwamba mafunzo ya matangazo ni suala la faida ya mwenye gazeti tu. Kila semina ya maadili tuliyoilipia hupambana na ile ziara ya mchana, na ziara ya mchana hushinda kwa kuwa ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Mwanzoni mwa 2023 Serikali iliunda kamati chini ya mtangazaji mkongwe Tido Mhando kuangalia hali ya uchumi wa vyombo vya habari na wanahabari. Kamati ya namna hiyo haiundwi kwenye taaluma ambayo tatizo lake ni kukosa semina.

Sasa turudi kwa wenye hofu. Mfano wao bora zaidi unatoka Marekani, na ni mfano mzito. Oktoba 1999, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha toleo maalumu la jarida lake la Jumapili kuhusu uwanja mpya wa michezo wa mjini humo, Staples Center. Waandishi walifanya kazi yao bila kujua kwamba uongozi wa biashara ulikuwa umekubaliana na wenye uwanja kugawana faida ya matangazo ya toleo hilo, lililoingiza takriban dola milioni 2. Siri ilipovuja, waandishi na wahariri zaidi ya 300 walitia saini waraka wa kupinga. Gazeti lililazimika kumpa mwandishi wake mmoja, David Shaw, kazi ya kuchunguza nyumba yake mwenyewe na kuchapisha matokeo kwa kurasa 14. Uongozi wa juu wa kampuni hiyo ulikuwa umetangaza wazi nia ya kupunguza ukuta kati ya habari na biashara, na yaliyofuata ndiyo hayo. Mtu akiniambia kwamba ukaribu wa pande mbili ni hatari, siwezi kumwita mwoga.

Lakini mtazame mchapishaji aliyeongoza gazeti hilo wakati huo, Kathryn Downing. Alitoka kwenye uchapishaji wa vitabu na machapisho ya sheria, hakuwahi kukulia kwenye gazeti. Aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba hakuwa ameelewa ipasavyo misingi ya uhariri. Yaani ukuta ule ulivunjwa na mtu wa biashara ambaye hakuna aliyemweleza umejengwa kwa ajili gani. Mimi naiona kesi ya Staples Center kuwa hoja ya kumfundisha mtu wa matangazo, tena kumfundisha mapema, kabla hajapewa lengo la mwezi. Tunamfundisha maadili mwandishi, ambaye tayari anayajua, na kumwacha nje yule ambaye kesho asubuhi atamwambia mteja, "Ukinunua ukurasa, habari ile itakaa vizuri." Anasema hivyo si kwa ubaya. Hajui kitu kingine cha kuuza.

Hofu ya pili ni kwamba ukimfundisha ataondoka. Kampuni ya simu au benki itamchukua kabla cheti hakijakauka wino. Ni kweli. Ni kweli pia kwa waandishi: wangapi tumewafundisha habari za takwimu, leo ni maofisa habari wa halmashauri? Hatujawahi kusema kwa ajili hiyo tuache kufundisha waandishi.

Ya tatu ni ya fedha. Mfadhili akitoa fedha kwa ajili ya uandishi wenye maslahi kwa umma, kuzitumia kumnoa muuzaji wa kampuni binafsi kunahitaji maelezo mazuri. Hapa nakubaliana nao zaidi ya nusu. Gazeti kubwa la Dar es Salaam lenye idara ya masoko lijilipie. Ninaowazungumzia ni wachapishaji wadogo wa mikoani, ambao mmiliki, mhariri na mpiga picha ni mtu mmoja.

Kuna takwimu moja ambayo imenikaa kichwani. Makadirio ya taasisi ya utafiti ya Pew yanaonyesha mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani yalikuwa takriban dola bilioni 49 mwaka 2005. Mwaka 2020 yalikuwa chini ya bilioni 9. Kati ya 2008 na 2020 wafanyakazi wa vyumba vya habari vya magazeti nchini humo walipungua kutoka kama 71,000 hadi kama 31,000, na magazeti zaidi ya 3,000, mengi yakiwa ya kila wiki ya miji midogo, yamefungwa tangu 2005.

Katika miaka hiyo yote, nchi ile haikupungukiwa na vyuo vya uandishi, tuzo wala warsha. Waandishi wa 2020 hawakuwa wajinga kuliko wa 2005. Pengine walikuwa na ujuzi mwingi zaidi. Kilichowatoroka ni matangazo madogomadogo ya nyumba za kupanga, kazi na magari yaliyotumika, ambayo yalihamia kwenye tovuti kama Craigslist, na baadaye matangazo makubwa yakahamia Google na Facebook. Mwandishi hodari aliondoka mlango mmoja na mwandishi mzembe. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, fedha za wasomaji zilizidi za watangazaji katika magazeti yale, na wengine wakapata matumaini kwamba msomaji ndiye mwokozi. Kwetu tumaini hilo ni jembamba sana. Nakala moja husomwa kijiweni na watu kumi, na wengine huzisikia habari bure asubuhi redioni, mtangazaji akipitia kurasa za mbele. Kwa gazeti la mkoa, tangazo bado ndilo chakula.

Tena chakula hicho kipo, ila kinaliwa mbali. Fikiria tangazo la mirathi, hati ya nyumba iliyopotea, mnada wa mali iliyowekwa rehani, zabuni ya barabara ya kata. Ni matangazo ya mahali. Wenye haki ya kuyaona wanaishi Sumbawanga au Newala, lakini mara nyingi huchapishwa kwenye gazeti la Dar es Salaam ambalo ndugu wa marehemu hawataligusa. Ongeza shule binafsi zinazotafuta wanafunzi kila Desemba, zahanati, wauza mbegu, SACCOS zinazoitisha mikutano. Hao wote hawajakataa kutangaza kwenye gazeti la nyumbani. Kwa sehemu kubwa hawajaombwa.

Marekebisho ya sheria ya habari ya 2023 yamefungua mlango mwingine. Awali Mkurugenzi wa Idara ya Habari, MAELEZO, alipewa uratibu wa matangazo yote ya Serikali. Marekebisho yakauondoa uratibu huo, hivyo taasisi inaweza kuamua yenyewe itangaze wapi. Wanaharakati wa haki ya kupata habari walipigania kifungu hicho kwa miaka. Ila manunuzi ya umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Asiyejisajili humo, asiye na risiti ya EFD, mashine ya kodi, asiyejua LPO, hati ya kuagiza huduma, inatoka lini na fedha za robo mwaka zinaisha lini, mlango ukiwa wazi yeye atabaki barazani. Na hata aliyeingia akauza anarudi na tatizo la zamani ambalo Jukwaa la Wahariri limelilalamikia mara nyingi: taasisi za umma kuchapisha kisha kutolipa. Kudai deni la halmashauri bila kugombana na mteja wala kumtuma mwandishi akadai ni ujuzi kamili, na haufundishwi kwenye semina ya aina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Vyuo vyetu vinafundisha uhusiano wa umma na matangazo, ni sawa. Lakini wahitimu wengi wanaandaliwa kwa upande wa anayenunua: wakala, kampuni, wizara. Upande wa gazeti linalouza umeachiwa shemeji wa mmiliki.

Zamani haikuwa hivyo lazima. Erica Fiah, aliyeanzisha Kwetu mwaka 1937, gazeti linalotajwa kuwa la kwanza kumilikiwa na Mwafrika Tanganyika, alikuwa na duka Dar es Salaam, na chama alichokiongoza kilikuwa cha ustawi na biashara kwa pamoja. Hakuiona biashara kuwa uchafu wa kufichwa nyuma ya gazeti. Sidai kwamba gazeti lake halikuhangaika na fedha. Nasema tu kwamba alijua mteja ni nani.

Kama fedha za mafunzo zipo, mimi ningezigawa hivi. Siku ya kwanza mwandishi na mtu wa matangazo wakae pamoja, na somo liwe ukuta wenyewe: nini hakiuzwi, nani anamjibu mteja anayetaka habari iondolewe, kwa nini ukurasa wa kulipiwa lazima uandikwe TANGAZO kwa herufi zinazoonekana. Kisha watengane. Mtu wa matangazo apewe mlezi, kama TMF ilivyowapa waandishi walezi, amfuate kwa miezi mitatu na ankara zake halisi, wateja wake halisi, madeni yake halisi. Na gazeti linalopokea msaada huo litie saini kwamba mwandishi wake hatapewa tena orodha ya bei. Wakishindwa sharti hilo, wenye hofu watakuwa walikuwa sahihi, na msaada usimame.

Mwenge ukikaribia, mchana mlango wa mkurugenzi ugongwe na mtu mwingine, mwenye bei yake, mkataba wake na kitabu chake cha madeni. Mwandishi saa hiyo awe sokoni, anahesabu vizimba vitupu.