Kabla Hajaitwa Tatu: Safari ya Ernesto Guevara Kwenye Filamu

Mwongozaji Mbrazili Walter Salles alitoa Diarios de motocicleta, yaani shajara za pikipiki, filamu ya ujana wa Ernesto “Che” Guevara, mwanamapinduzi wa Kiargentina aliyepigana Kuba, mwaka 2004, na ubishi juu ya filamu hiyo haujaisha mpaka leo. Wapo wanaosema hakuna filamu iliyoonyesha vizuri zaidi jinsi kijana anavyofumbuka macho. Wapo wanaosema ni sabuni tu, imemwosha mtu ambaye mikono yake ilikuja kuwa na damu. Nimeitazama upya nikiwa na shajara ya safari ya Guevara yenyewe mezani, na naona pande zote mbili zinalipita kosa kubwa la filamu hii.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwanzoni mwa 1952 Ernesto Guevara, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 23, anaondoka Buenos Aires na rafiki yake Alberto Granado, mtaalamu wa baiokemia wa miaka 29. Wamepakizana kwenye pikipiki ya Norton ya mwaka 1939 waliyoipa jina La Poderosa, Yenye Nguvu. Nguvu zinaiishia Chile. Tangu hapo ni kwa miguu, kwa lifti za malori, kwa boti na kwa chelezo, kupitia Peru na mto Amazon hadi Kolombia na Venezuela.

Pikipiki inapokufa ndipo filamu inapopata uhai. Aliye juu ya pikipiki huwapungia watu mkono akapita. Atembeaye hulazimika kuketi nao. Usiku mmoja wa baridi, njiani kuelekea mgodi wa shaba wa Chuquicamata, vijana hawa wanaota moto na mume na mke waliokimbia kwao kwa sababu ya ukomunisti wao. Wawili hao wanakwenda kuomba kazi mgodini. Mwanamke anauliza: na nyie, mnatafuta kazi? Hapana. Sasa mnasafiri kwa nini? Ernesto anajibu kwamba wanasafiri ili kusafiri tu. Panakuwa kimya. Yule mama hamcheki wala hamsuti, anawaombea safari yao baraka. Mimi naona aibu ile usoni mwa Gael García Bernal, anayeigiza Ernesto, ina uzito kuliko hotuba yoyote ya filamu hii.

Kule Cuzco, mji wa Peru uliokuwa wa Wainka kabla Wahispania hawajauteka, mtoto anayewatembeza anawaonyesha kuta mbili. Huu, anasema, ni wa Wainka. Na ule wa Wahispania tunauita wa “incapaces”, wasioweza. Sehemu kama hizi Salles aliwaachia wenyeji waongee yao bila kukariri maneno, na inaonekana. Kina mama wanaotafuna majani ya koka hawaigizi umaskini, wanazungumza habari zao.

Halafu tunafika San Pablo, kituo cha wagonjwa wa ukoma kando ya Amazon, na hapo filamu inaanza kuniudhi. Mto umetenganisha wahudumu na wagonjwa. Ernesto anakataa kuvaa glavu, anawashika wagonjwa mikono, hilo sawa. Lakini usiku wa sherehe ya siku yake ya kuzaliwa anajitosa mtoni, na pumu yake, akiogelea kwenda kwa wagonjwa huku ng'ambo wakimshangilia. Amazon aliuogelea kweli. Kilichotungwa ni kuupachika mwogeleo huo kwenye sherehe ili tumwone mkombozi akivuka. Yule kijana aliyeona aibu mbele ya moto amepotea, tumebaki na ile sura tunayoiona kwenye fulana na kwenye vioo vya nyuma vya daladala.

Wakosoaji wanauliza: mbona haisemi habari za La Cabaña, ngome ya Havana ambako mwaka 1959 huyuhuyu alisimamia mahakama za mapinduzi na watu wakapigwa risasi? Watetezi wanajibu kwamba filamu inaishia Julai 1952, na mtu hashitakiwi kwa jambo ambalo hajalitenda. Kwa muda mrefu jibu hilo lilinitosha. Sasa halinitoshi, kwa sababu filamu yenyewe haikuishia 1952. Maandishi ya mwisho yanatutajia Kongo na Bolivia, na kuuawa kwake Oktoba 1967. Ukichagua kusimulia ya mbele, huwezi kuchukua kifo chake ukaacha vifo alivyoviidhinisha.

Hata hivyo kosa ninalolisema halihitaji kwenda mbele kokote. Limo ndani ya shajara ileile. Alipofika Caracas, Venezuela, Ernesto aliandika kuhusu watu weusi kwa dharau: kwamba hawapendi kuoga, kwamba ni wavivu na wenye kuota ndoto, huku akimsifu Mzungu kwa bidii yake ya kazi. Ukiwa Mwafrika huwezi kuzisoma sentensi zile ukapita. Filamu imezipita. Nadhani waliona zitamharibia jina, lakini kwa kuziacha wamempunja yeye mwenyewe.

Kwani miaka 13 baadaye, Aprili 1965, mtu huyuhuyu alitokea Dar es Salaam akapita Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, akiwa na Wakuba ambao karibu wote walikuwa weusi. Majina yao ya vita yalikuwa ya kwetu: kamanda Mkuba Víctor Dreke aliitwa Moja, Guevara akaitwa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Vita vile vilishindwa, na Guevara mwenyewe, akiandika Dar es Salaam baada ya kutoka, alianza kwa kukiri kwamba ni habari ya kushindwa. Katika maandishi yale bado anawatolea Wakongo maneno makali, lakini na yeye anajihukumu vikali.

Kutoka ukurasa ule wa Caracas hadi ufuo wa Kibamba, ule wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ni mwendo mrefu kuliko wa kutoka Buenos Aires hadi Amazon. Filamu inayodai kusimulia jinsi mtu anavyobadilishwa na safari ilikuwa na ushahidi huo mkononi. Dakika zile zilizotumika kwenye mwogeleo wa usiku zingetosha kumweka mezani Caracas, kalamu mkononi, anaandika jambo la kuchukiza, na Granado amekaa kando yake hajui.