Iulize seva yenyewe

Ubavuni mwa seva moja ya Chake Chake pamebandikwa plasta iliyoandikwa kwa kalamu: CentOS 7, yaani toleo la 7 la mfumo wa Linux uitwao CentOS. Nikaiamini. Nikaandika hivyo kwenye orodha yangu ya Ansible (programu ya kupanga seva nyingi kutoka mbali) hapa Unguja, nikatuma mipangilio mipya, nikashuka Forodhani kula urojo. Kurudi, skrini nzima nyekundu: yum, amri ya CentOS ya kuwekea programu, haipo. Kumbe mtu aliifuta mashine ile zamani akaweka Debian 12, Linux ya ukoo mwingine, plasta akaiacha pale pale.

Tangu siku ile sina imani na plasta, wala na lile faili la Excel tunalorithishana kila akija mtu mpya (safu ya "toleo" nusu yake ni alama za kuuliza). Seva ijieleze yenyewe. Linux nyingi za leo zina faili la /etc/os-release: ID ni jina, VERSION_ID ni toleo, ID_LIKE ni ukoo. Linux iitwayo Rocky, kwa mfano, hujitaja kuwa ya ukoo wa rhel, centos na fedora. Ansible huyakusanya hayo kabla haijagusa kitu. Amri ya lsb_release, nayo ya kuuliza jina na toleo, mie siitegemei, seva nyingi hazina.

Sasa kusoma ni kimoja, kulinganisha ni kingine. Toleo huja kama maandishi, na kimaandishi 12 ni ndogo kuliko 9, maana 1 hutangulia 9. Hapo niliungua mara ya pili: sharti langu la "chini ya 9" likaikamata Debian 12, ikavishwa mipangilio ya kizee. Ifanye namba kwanza, ndiyo ulinganishe.

Ninapovutana na wenzangu ni hapa: skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) ikikuta toleo isilolijua, ifanye nini? Wao husema ichukue lililo karibu iendelee, kazi isilale. Mie nasema isimame, itaje ilichokiona, iniite. Seva ikiharibika Wete, kule Pemba, usiku, boti ni kesho. Na skripti inayobahatisha huficha uozo: CentOS 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, na mpaka leo nazikuta zinafanya kazi, hakuna anayejua.

Juzi skripti yangu ilisimama kwenye seva ya Wete. Wenzangu wakacheka, haya, imekwama tena. Nikalifungua faili: VERSION_ID haimo kabisa. Ilikuwa Debian ya majaribio, toleo ambalo halijatoka, na ndani yake mna mishahara ya watu.