John Pople na Uaminifu wa Hesabu

Ikinilazimu kumtaja mkemia mmoja wa nadharia ambaye kila mwanafunzi wa sayansi angepaswa kumjua, nitamtaja John Pople, Mwingereza aliyesomea hisabati Cambridge na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998 pamoja na Walter Kohn. Wengi humkumbuka kwa Gaussian 70, programu ya kompyuta ya kukokotoa sifa za molekuli, na ni haki yake. Ila kwangu jambo kubwa zaidi alilotuachia ni msimamo kwamba nadharia isiaminiwe mpaka ukubwa wa makosa yake ujulikane.

Tangu mwaka 1929 mwanafizikia Paul Dirac alikwisha kueleza kwamba sheria zinazoitawala kemia zimejulikana, na kwamba kikwazo ni milinganyo yake kuwa migumu mno kutatuliwa. Elektroni husukumana, kila moja ikiathiri mwendo wa nyingine zote, na fomula zinazoeleza vyema umbo la wingu la elektroni hukokotoleka kwa shida kubwa pindi atomu zinapoongezeka. Mwaka 1950 mkemia wa nadharia Samuel Francis Boys alipendekeza badala yake fomula za Gauss, ambazo karibu na kiini cha atomu hazilingani vizuri na hali halisi, lakini zina sifa moja nzuri ajabu: ukizidisha mbili zilizo kwenye atomu tofauti, unapata nyingine ya aina ileile, iliyo kati ya atomu hizo. Pople, aliyehamia Pittsburgh, Marekani, mwaka 1964 baada ya kuacha wadhifa wa uongozi uliokuwa ukimla muda wa utafiti, akishirikiana na wenzake alizijumlisha fomula hizo tatutatu ili ziige umbo moja lililo sahihi zaidi, na hesabu nyingi zikaanza kuwezekana kwa kompyuta za wakati ule.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake alitaka njia ileile itumike bila kubadilishwa kwa molekuli nyingi, majibu yalinganishwe na vipimo vya maabara, kisha ndipo itabiri yasiyopimwa. Katika mbinu zake za kukokotoa nishati za molekuli, zilizoitwa G1 na G2, lengo lilikuwa kosa la takriban kilokalori 2 kwa moli. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaoona kwamba kuwapa wakemia wa maabara programu iliyo tayari kuliishusha hadhi nadharia, kwa sababu walipewa pia kipimo cha kujua waiamini kiasi gani. Leo kompyuta zinapofunzwa kukisia nishati za molekuli kwa kasi kubwa, ningetaka watunzi wa mbinu hizo waulizwe kwanza: zimejaribiwa kwa molekuli zipi, na zimekosea wapi zaidi?