Umelipa Kufika, Kulala ni Majaliwa

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Kigoma mtu alimwaga klipu ya mama mmoja wa Kizungu akilalamikia kebini yake kwenye meli ya kitalii. Kebini iko chini ya ukumbi wa chakula. Alfajiri wahudumu wanaburuta viti juu ya kichwa chake, usiku anasikia hatua za kila aliyefuata kipande cha pili cha keki. Halafu supu ilimfikia ya uvuguvugu. Basi kundi zima likaangua kicheko. "Wanadeka hawa." "Mpakieni daraja la tatu mpaka Kirando apate akili." Baba mdogo, mtu ninayemheshimu kweli, akaandika kwa herufi kubwa: HUYU HAJAWAHI KUKALIA GUNIA LA DAGAA.

Sikucheka. Nilikasirika, na si kwa sababu ya yule mama, ambaye kwa kweli sauti yake inachosha. Nilikasirika kwa sababu kicheko kile nakijua. Ni kicheko cha watu waliokwishakubali kwamba abiria ni mzigo unaojipakia wenyewe, na hata shukrani unatoa.

Haya, tumpe mama haki yake kwanza. Kwenye meli zile kuna tiketi ya bei ya chini ambayo unachagua aina ya chumba tu, yenye dirisha au isiyo na dirisha, kisha kampuni ndiyo inaamua utalala wapi. Aliyekata tiketi ya namna hiyo amecheza bahati nasibu, akitupwa chini ya viti avumilie. Hilo nawapa, ingawa sipendi. Lakini angetaka kuchagua, angeweza. Ramani ya kila sitaha ya meli zile iko kwenye intaneti, kila kebini na namba yake, unaona kabisa juu yako kuna nini, chini kuna nini, ngazi ziko wapi, lifti iko wapi. Mwenye kichefuchefu anachagua katikati ya meli, sitaha za chini, maana pale meli inayumba kidogo kuliko puani au juu kabisa. Mwenye usingizi mwepesi anakimbia chini ya bwawa la kuogelea na chini ya ukumbi wa chakula, na anakaa mbali na nanga. Mwenye fedha za kuhesabu anachukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, na anajua hakina dirisha kabla hajatoa senti. Malalamiko ya watu wale yana mahali pa kusimama: uliniambia hivi, nimekuta vile.

Sisi tunasimama wapi? Tiketi yako imeandikwa "daraja la kwanza". Basi. Kwanza ya nini?

Niliwahi kusafiri na meli moja, ziwa silitaji na mwenye meli simtaji, nikiwa na mtoto mwenye homa. Nikalipa daraja la pili kwa makusudi, mtoto alale. Kebini niliyopewa ilipakana na njia ya moshi wa injini. Ukuta ukiugusa unatoa mkono. Vitanda vya dabodeka vinne, na godoro la juu lilikuwa limelainika kwa joto mpaka linanata kwenye shuka. Feni ilikuwepo, tena nzuri, ila swichi yake ilikuwa kebini ya jirani, na jirani alikuwa mzee anayeogopa upepo. Ubavu wa pili wa meli, nikaja kugundua usiku wa manane nikizurura na mtoto mgongoni, kulikuwa na kebini za daraja lile lile, bei ile ile, dirisha linafunguka, baridi safi ya ziwa inaingia. Mbili tupu. Nikamfuata mhudumu. Akanitazama kwa huruma kabisa, si kwa jeuri, akasema: "Dada yangu, wewe umelipa kufika. Kulala ni majaliwa."

Jeuri ningeiweza. Ile huruma ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu aliamini anachosema, na abiria waliokuwa wamejilaza ukumbini wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Sasa nije kwa Liemba yetu, meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika, maana najua mtasema meli zetu ni za zamani, haya mambo ya ramani ni ya meli za juzi. Ile meli ilijengwa na Meyer, pale Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku yapata 5,000, yakaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, yakapanda reli mpaka hapa Kigoma, wakaiunganisha upya na kuiingiza majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walipokimbia wakaizamisha wenyewe, injini wakiwa wamezipaka grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Na Meyer hao hao mpaka leo wanaunda hizo meli za kitalii tunazozicheka kwenye klipu. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, urefu mita 365, abiria mpaka 7,600, imetoka kwenye karakana yao ya Turku, Finland. Liemba yetu ina mita kama 71. Ukoo mmoja, binti wa mjini na bibi wa kijijini.

Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Meli iliyofika hapa ndani ya masanduku 5,000, kila bati na kila ribiti ikajulikana inakaa wapi, inashindwaje kumwambia abiria kebini yake iko upande gani? Wenye kuijua walikuwa wanaijua: mabaharia, wafanyabiashara wa dagaa, na yule mtalii wa mkoba mgongoni aliyesoma kwenye kitabu chake cha safari. Mama wa Karema anayekwenda kutibiwa ndiye hakujua, na huyo ndiye hasa aliyehitaji kujua. Juni na Julai, upepo wa kusini unapoamka na ziwa linapandisha mawimbi, tofauti ya kulala katikati na kulala puani ni tofauti ya kufika ukiwa mtu au kufika ukiwa kitambaa. Na daraja la tatu nalo lina haki yake. Sisemi wapewe mito ya manyoya. Nasema mtu aambiwe kabla hajalipa: una benchi, au utatafuta nafasi kati ya magunia? Akisema sawa, ni yeye amesema.

Chakula. Hapa nitawashangaza, kwa sababu naona sisi tunaweza kuwashinda, na tunakataa kwa hiari yetu. Meli inayolisha maelfu inajaza maghala yake siku moja bandarini na kuondoka. Nyama imegandishwa, samaki amegandishwa, mpishi anapika kwa ratiba. Ndiyo maana siku hizi ukumbi mkuu ni bure ila ukitaka mkahawa wenye mpishi wa kujivunia unaongeza hela, na abiria wa siku nyingi wananung'unika kwamba kilichokuwa ndani ya nauli kinahamishwa kidogo kidogo kwenda kwenye bili. Manung'uniko ya haki kabisa.

Meli ya ziwani kwetu ilikuwa inasimama kila baada ya saa chache. Vijijini pasipo na gati, mitumbwi na maboti yanaifuata majini, watu wanapanda na kushuka ubavuni, kelele, kuku, vitoto vinarushwa mkono kwa mkono. Ndani ya maboti hayo mna nini? Mna migebuka iliyotolewa majini usiku ule ule. Mna samaki aina ya kuhe. Mna ndizi. Ukipata mgebuka wa namna hiyo, akapasuliwa mgongo, akakaushwa juu ya makaa mpaka ngozi inapiga kelele, kisha akaungwa kwa mawese mekundu ya Kigoma na ugali wa muhogo pembeni, hakuna tajiri wa Miami atakayeulizia supu. Halafu unaingia ukumbi wa chakula wa meli fulani, unaagiza samaki, unaambiwa samaki hakuna, kuna wali na maharage. Samaki hakuna! Uko juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470!

Na usafi wa jikoni. Meli za kimataifa zinazotia nanga bandari za Marekani hukaguliwa majiko yake na mamlaka ya afya ya kule, hupewa alama juu ya 100, zikipata 85 au pungufu zimefeli, na alama hutangazwa kila mtu asome. Kampuni kubwa zenye mabilioni zinaogopa karatasi hiyo. Bandikeni na sisi moja mlangoni mwa jiko, hata kwa kalamu ya wino.

Bakshishi wanayokatwa watu kule kila siku, hiyo wabaki nayo.

Baba mdogo amenijibu faragha. Anasema mwanangu, ukiwafundisha watu kudai kebini, kesho nauli itapanda na wale wa dagaa watashindwa kusafiri. Hoja hii ina uzito, sitaidharau. Kwa vijiji vingi vya mwambao huu meli ni barabara, soko na gari la wagonjwa kwa mpigo. Lakini kumwambia mtu ukweli kabla hajalipa kunaongeza gharama gani? Kebini ya ukuta wa moto iuzwe kwa bei ya ukuta wa moto. Wapo watakaoichukua, tena kwa furaha, wanaume wa biashara wanaokesha nje wakicheza karata na wanataka tu pa kufungia begi. Yenye dirisha iongezwe kidogo. Hesabu inabaki ile ile.

Wengine wananiambia tusubiri Liemba itoke kwenye ukarabati ndipo tuseme. Ikishatoka? Vitanda vikishafungwa, swichi ya feni ikishawekwa kebini ya jirani? Sasa ndio wakati, mafundi bado wana nyundo mkononi. Na kama kinachokosekana ni mtu wa kuchora ramani ya kubandika kwenye kibanda cha tiketi, mimi nipo hapa Mwanga, Kigoma, nilifundishwa uchoraji wa kihandisi sekondari, futi kamba ninayo. Niruhusuni tu nipande na viatu vyangu vya raba.