Ukitaka Jeshi la Bei Nafuu, Anza na Ukubwa wa Pambano

Anayetaka kuingia kwenye michezo ya vita vya mezani, ile inayochezwa kwa sanamu ndogo za askari, huanza na swali moja: jeshi gani halitanimaliza mfuko? Jibu analopewa karibu kila mara ni kwamba achukue jeshi lenye askari wachache. Kwenye Warhammer 40,000 ataelekezwa kwa Adeptus Custodes, wale walinzi wa dhahabu ambao kila mmoja anakula alama nyingi (alama ni thamani ya askari mchezoni, na kila upande hupewa kiasi sawa cha kutumia), au kwa Imperial Knights, majitu ya chuma ambayo machache tu yanatosha kujaza jeshi zima. Ushauri huo nimeusikia mno, na naamini unawapoteza wageni wengi.

Si kwamba hauna ukweli wowote. Pambano la kawaida la mchezo huo ni la alama 2,000 kila upande. Ukienda na majeshi ya makundi makubwa kama Orks au Tyranids wa miguu, unaweza kujikuta na sanamu zaidi ya mia moja za kuunga kwa gundi na kupaka rangi, ilhali Custodes wanafika alama hizo wakiwa wachache mno. Lakini sanduku lenye sanamu chache haliuzwi rahisi kwa sababu ni chache. Cha kupiga hesabu ni bei ya sanduku ukiigawa kwa alama zilizomo ndani, na ukifanya hivyo tofauti kati ya majeshi hupungua kuliko unavyodhani.

Halafu hesabu yenyewe haikai. Alama hurekebishwa mara kwa mara, na kanuni nazo hubadilishwa: toleo la nane lilitoka 2017, la tisa 2020, la kumi 2023. Alama za askari wako zikishushwa, jeshi lililokuwa limetimia linabaki na pengo. Mwenye kundi la Orks huliziba kwa kikosi kidogo. Mwenye majitu matano hawezi kununua nusu jitu. Hapo ndipo ule unafuu wa mwanzo unapoyeyuka.

Kwa hiyo mimi humwambia mgeni aache kwanza kuchagua jeshi, achague ukubwa wa pambano. Pesa nyingi huokolewa hapo, kabla hajafungua sanduku lolote. Frostgrave, mchezo wa wachawi, inataka mchawi, mwanafunzi wake na askari wasiozidi 8, yaani sanamu 10, na haijali zimetoka kampuni gani. Kill Team inakuweka kwenye ulimwengu ule ule wa Warhammer 40,000 kwa kikosi kidogo tu. Ukipenda majeshi ya kale yanayojipanga mistari, De Bellis Antiquitatis inatumia vibao 12 kila upande, kila kibao kikiwa na sanamu chache zilizobandikwa juu yake. Kwa sanamu za kimo cha milimita 15 hivi, mara nyingi jeshi zima halifiki sanamu 50, na unaweza kumudu kununua Roma na Carthage kwa pamoja. Hilo la kuwa na pande zote mbili nalipenda sana, kwa sababu rafiki yako anakuja mikono mitupu na mnacheza siku hiyo hiyo.

Nikilazimishwa kutaja jeshi moja, nitataja Waviking, bila kusita. Hakuna kampuni inayowamiliki. Watengenezaji ni wengi, wanashindana, na sanamu za plastiki za milimita 28 huja na vichwa, ngao na mikono ya ziada inayokuwezesha kutengeneza watu tofauti kutoka sanduku moja. Kwenye mchezo wa Saga jemadari huja bure, kisha kila alama moja inakupa walinzi wake wa karibu 4, au wapiganaji wa kawaida 8, au watu wa mgambo 12. Chukua alama 4: mbili za walinzi, mbili za wapiganaji. Jumla, pamoja na jemadari, ni sanamu 25, na tayari una pambano kamili la jioni nzima. Mchezo ukikunogea unaongeza alama 2 ufike 6, ambacho ndicho kiwango kilichozoeleka.

Watu hao hao 25 hawafungiwi kwenye mchezo mmoja. Kumi kati yao wanaingia Frostgrave. Wote wanaweza kuanzisha jeshi la Kings of War, mchezo wa Mantic Games ambao askari hawaondolewi mmoja mmoja wanapouawa. Kikosi kizima kinahesabiwa majeraha kwa pamoja, kisha hutupwa dadu kuona kama kinasimama au kinakimbia. Kwa kuwa hakuna anayeondolewa, sanamu unaweza kuzibandika moja kwa moja kwenye kitako kimoja kikubwa, ukaacha nafasi ya jiwe, kichaka au shina lililoanguka, alimradi usishuke chini ya idadi ambayo kanuni zinataka. Kikosi kinapendeza zaidi, na umenunua watu wachache.

Rangi nayo ni gharama, ya pesa na ya muda, na wengi huisahau. Jitu la chuma lina mabamba mapana na laini, na kila mkwaruzo wa brashi unaonekana ukiwa ng'ambo ya meza. Mviking anasamehe. Deraya yake ya pete unaipaka nyeusi. Kisha unachovya brashi kwenye rangi ya fedha, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, unaipitisha juu juu, na pete zinajitokeza zenyewe, moja moja, bila wewe kuzigusa kwa makusudi. Nguo unazipa rangi mbili tatu za udongo, unamwagia juu rangi nyepesi ya kahawia iliyochanganywa na maji mengi, nayo inatiririka kwenye mikunjo na kutengeneza vivuli. Mtu ambaye hajawahi kushika brashi anatoka na jeshi la kuwekwa mezani bila aibu. Sanamu isiyopakwa hukaa kabatini, na mimi hiyo naihesabu kuwa pesa iliyopotea.

Lipo jambo moja linaloweza kubadilisha haya yote: watu unaocheza nao. Kama wenzako wote wako kwenye Warhammer 40,000, Waviking hawatakupa mpinzani. Mashindano rasmi ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza Warhammer 40,000, nayo yanataka sanamu za kampuni hiyo. Basi kubaliana nao kuanza na Combat Patrol, pambano dogo la mchezo huo, sanduku moja kwa kila mtu, bila kukimbilia alama 2,000. Au wapelekee kanuni za OnePageRules: za msingi zinapakuliwa bure, na zinakubali sanamu yoyote aliyonayo mtu. Waombe mapambano mawili ya vikosi vidogo kabla hujafungua pochi, kisha amua.